Kibano

Baba aliniachia vani ya mwaka themanini na tisa,
rangi ya mchuzi wa maharage, milango imeliwa na kutu,
na sharti moja: usimuuzie Lowell.

Leo ni Januari, Minot, Dakota Kaskazini,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Pumzi yangu inaganda kiooni, kwa ndani.
Nazungusha kitufe mpaka kwenye wekundu.
Namba moja, kimya.
Mbili, kimya. Tatu, kimya.
Nne inanguruma kama ng'ombe aliyenyimwa chumvi,
na kinachonipuliza usoni ni uwanja wote wa theluji.

"Rizista imeungua," asema Ardis, jirani,
aliyestaafu ufundi wa matrekta, hajastaafu ubishi.
"Hiyo dola kumi na nane. Baridi ni kesi nyingine.
Usinunue kitu. Gusa kwanza."

Tukagusa.
Maji ya rejeta yamejaa, kijani, yana harufu ya peremende.
Mpira wa juu, baridi dakika sita,
kisha ghafla moto,
kama mtu aliyekumbuka jina lililokuwa ulimini.
Basi thamostati ni nzima.
Ardis akalala kifudifudi chini ya dashibodi,
buti zake nje, zikinyeshewa chembe za barafu:
"Zungusha. Tena. Nasikia kilango cha hewa. Tak.
Kinafunguka. Siyo chenyewe."

Joto lipo, ila haliji kwangu.

Mipira miwili inaingia kwenye hita ya mbele.
Ingekuwa mmoja moto na mwingine baridi,
tungesema hita imeziba matope.
Yote miwili baridi: maji hayafiki kabisa.
Nikaufuata kwa tochi, kiwiko kwa kiwiko,
hadi njia panda ya mipira.
Ule uendao nyuma ukaniunguza kidole ndani ya glavu.
Ule uendao mbele
umebanwa na kibano cha chuma hadi kuta zake zikagusana,
na juu ya kibano, utepe, na mwandiko wa Baba, herufi kubwa:
V. NOVEMBA 97.

V. ni Verna. Ni Mama.
Kiti chake cha magurudumu kilifungwa nyuma kwa boliti nne.
Miguu isiyohisi baridi, daktari alisema,
ndiyo huibiwa na baridi.
Jumanne na Ijumaa, hospitali ya Bismarck,
maili mia na kumi kwenda, mia na kumi kurudi,
na Baba usukani, kofia mbili kichwani,
akikwangua kioo kwa kadi ya maktaba.
Mimi kando yake, miaka kumi na mitano, meno yakigongana:
"Kwa nini usitengeneze hita?"
"Nitaangalia."
Majira kumi na moja ya baridi: nitaangalia.

Na Julai? Nilitia vidole kwenye tundu la hewa, upande wa dereva.
Soksi. Soksi zake za kazi, za kijivu,
zimesokotwa, zimesokomezwa mpaka mwisho.
Kiyoyozi nacho kilimpita, kikaenda nyuma.
(Kompresa sasa haina mkanda. Hilo tutaliona kiangazi.)

Ardis akanipa koleo, akageuka
kuangalia theluji, ambayo haikuwa na jipya.
Nikalegeza.
Mpira ukabaki na kunyanzi pale ulipobanwa,
ukawaza, kisha ukavimba taratibu.

Likaja: vumbi, shayiri, nywele za panya zikiungua,
halafu joto,
kwanza kwenye vifundo vya mkono wa kushoto.

Kule nyuma feni ndogo bado inazunguka,
inapasha boliti nne na sakafu.
Swichi yake iko karibu na goti langu.
Nayo ina utepe: USIZIME.

"Dola kumi na nane," asema Ardis. "Kumi na tisa na kodi.
Na funga mlango, mtoto, unalimwaga joto."